Gemu ya Visanduku Viwili

Harufu ya vumbi linaloungua ndiyo iliyonikamata. Mwezi uliopita, ofisini kwetu Syokimau, mtu aliwasha kompyuta kuukuu iliyokuwa imelala stoo miaka na miaka, na kabla haijaonyesha chochote ikaitoa ile harufu: vumbi, plastiki iliyopata moto, na kitu kama nywele zilizokaribia pasi. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari, macho yamejaa maji, na aliyeniuliza nilimwambia ni mafua.

Nyinyi mliosoma wakati wetu mnaijua harufu hiyo. Mnakumbuka tulivyovua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini, soksi zenye matobo zikatuaibisha mbele ya watu, kisha mwalimu akafunua kompyuta moja moja kama anayefunua chakula cha wageni. Mwalimu wa namna hiyo, kwangu mimi, alikuwa baba yangu mzazi. Alifundisha kwenye chuo kidogo cha kompyuta mjini Machakos, orofa ya pili, juu ya duka la mabati na misumari.

Sikuishi naye. Mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, niliachwa Kangundo kwa mama yake, bibi yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu. Baba alikuwa amepanga chumba kimoja mjini, na ilisemekana mwanamume hawezi kulea msichana kwenye chumba kimoja. Aliyesema ni nani, sijui mpaka leo. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Kila Jumamosi Baba alikuja kuniona, lakini hakuingia nyumbani. Alisimama nje ya ua wa miti ya kayaba yenye miiba, tai shingoni, viatu vimepigwa rangi, akaniita. Susu alipoisikia sauti hiyo alifanya jambo ambalo sikulielewa kabisa: aliacha alichokuwa anafanya, hata kama ni muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, inatokota, akajivutia leso kichwani na kujificha jikoni. Wakikutana barabarani ilikuwa vioja. Baba akimwona Susu kwa mbali alijitosa ndani ya mashamba ya kahawa ya watu. Susu akimwona yeye kwanza aligeuka akaangalia ukingo wa barabara mpaka apite, mama mzima, kama mtoto aliyeambiwa asimame pembeni.

Na walikuwa wanasikilizana vizuri tu! Baba, kutoka nje ya ua, angesema, "Mwambie Susu yako sukari ndiyo hii, na majani ya chai." Kabla sijafungua mdomo, Susu kutoka jikoni angejibu, "Mwambie babako Mungu ambariki. Na mwambie ovakado ziko kwa kiondo, asiende mikono mitupu." Mimi nilikimbia huku na huku kama punda wa maji, nikipeleka maneno ambayo yalikuwa yameshafika. Shuleni kwetu wasichana wakigombana walifanya hivyo hivyo. "Mwambie huyo hapo arudishe rula yangu." Kwa hiyo nilijua, bila shaka yoyote, kwamba baba yangu na bibi yangu walikuwa wamenuniana.

Nilijua na sababu. Siku za matanga nilimsikia jirani mmoja akisema mama angepelekwa hospitali mapema angekuwa hai. Siku ya kuzika nilimwona Baba kwa macho yangu akisimama mbali na kaburi, nyuma kabisa ya watu, kama aliyefukuzwa. Mtoto wa miaka minane hahitaji zaidi ya hapo. Niliunganisha nikapata: Susu anasema Baba ndiye aliyemuua mama, na Baba hataki kumwona Susu. Nilikuwa nimebaki na watu wawili tu duniani, nao hawangeweza kukaa chumba kimoja. Niliogopa kwamba siku moja mmoja wao angechoka, anichukue moja kwa moja, na huyo mwingine nisimwone tena. Hofu hiyo sikumwambia mtu yeyote. Ningemwambia nani? Kilio cha samaki, machozi huenda na maji.

Likizo ilipofika nilikwenda Machakos kwa Baba wiki mbili. Asubuhi alinipeleka naye chuoni, nikavua viatu, akaniketisha kwenye mashine ya mwisho pale dirishani, ambayo wanafunzi hawakuipenda kwa sababu kitufe cha A kilikuwa kinakwama. Saa nzima, saa mbili, saa tatu nilikuwa hapo peke yangu, nikisikia watu wazima wakijifunza kuchapa barua ya kuomba kazi. Baba hakuwa mtu wa maneno. Hata chumbani tulikula tukiangalia sahani. Nilimpenda, lakini sikujua la kumwambia, na nafikiri yeye pia hakujua.

Siku moja akaja na disketi, akaiingiza kwenye mashine yangu. "Nimekutengenezea gemu," alisema. Akarudi kwa wanafunzi wake.

Usifikirie magari na risasi. Skrini ilikuwa nyeusi. Palikuwa na njia, mistari miwili ya kijivu iliyopindapinda kama vijia vya kwenda mtoni. Chini palikuwa na kisanduku cheupe, na hicho nilikuwa mimi, maana nilipobonyeza mishale kilitembea. Juu palikuwa na kisanduku cha njano ambacho kilitembea chenyewe, kikija upande wangu. Basi. Hakukuwa na pointi wala mlio, na hata jina gemu hiyo haikuwa nalo.

Tulipobakiza kama hatua mbili tukutane, kisanduku cha njano kilitoka njiani. Kiliingia kwenye kijipengo pembeni, kikasimama humo kimya mpaka nipite. Lakini pale kilipokuwa kimesimama kiliacha nukta ndogo. Nikiipitia ile nukta, njia iliyokuwa imekatika mbele yangu iliongezeka. Nisipoipitia, njia iliisha na mimi nikabaki nimesimama pale mwisho, nimezungukwa na weusi. Halafu kisanduku cha njano kilizunguka kikaja tena kutoka juu, tukakaribiana tena, kikanipisha tena, kikaacha nukta nyingine. Hivyo tu, tangu asubuhi mpaka jioni.

Mtu mwenye akili angekaa hapo akafikiri. Mimi nilichokiona ni kisanduku kinachoringa. Kwa nini kinanikimbia? Nimekifanya nini? Nilikuwa na upweke wa kutosha nyumbani, sikuhitaji kuongezewa mwingine na mashine. Nilianza kukiongelesha, kwa sauti ya chini wanafunzi wasisikie: "Kuja hapa, wewe. Si nakuona?" Kilikuja, kikafika hatua mbili, kikatoka. Woi, ile hasira niliyokuwa nayo! Nukta zake sikuzijali. Nilizichukua tu ili nipate njia ya kukifukuzia chenyewe.

Siku ya tatu nikagundua sehemu moja ambapo njia ilikuwa nyembamba na haikuwa na kijipengo upande wowote. Nikaanza kusubiri. Nilihesabu mwendo wake kwa vidole, nikajichelewesha makusudi, na kisanduku cha njano kilipoingia pale katikati, nikaingia nami. Hatua tano. Nne. Tatu. Mbili. Hakikuwa na pa kwenda. Nikabonyeza mshale kwa nguvu zangu zote.

Kompyuta ikaganda. Visanduku vikasimama vimegusana, na mashine ikatoa mlio mmoja mrefu ambao haukukoma.

"Baba! Nimeshinda! Nimekishika!" Nilipiga kelele mpaka chumba kizima kikageuka.

Baba alikuja na soksi zake za kijivu, akainama, akaangalia skrini kwa muda. "Hakuna kushinda hapo," alisema.

"Si nimekishika?"

"Sikuandika hiyo. Sikufikiria kuna mtu atamziba mwenzake njia." Akabonyeza kitufe cha kuzima, mlio ukakatika. Mimi nilidhani ana wivu tu, kama watu wote wanaoshindwa.

Nilirudi Kangundo na ujuzi wangu. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi akili nilikuwa nayo ya kugawa. Niliona kwamba shida ya Baba na Susu ilikuwa nafasi. Walikuwa na nafasi nyingi mno za kupishana, mashamba ya kahawa huku, jikoni kule. Ukiwapata mahali pembamba, lazima waangaliane, na wakiangaliana watasameheana, waamkuane, tule pamoja. Nyumba ya Susu ilikuwa na sebule moja yenye mlango mmoja.

Jumamosi moja Baba alipoita, nikatoka mbio. Nikamwambia redio ya Susu imekufa, nayo ilikuwa imekufa kweli, na kwamba Susu ameenda kwa mkutano wa akina mama kanisani, hatarudi mpaka jioni. Huo ulikuwa uongo. Alikuwa ameenda mtoni kuchota maji. Baba alisita hapo nje, akatazama huku na huku. Lakini redio ilikuwa ya mama, na yeye ndiye aliyemnunulia. Akaingia. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akaifungua redio kwa bisibisi. Sikuwahi kumwona akiwa ndani ya nyumba hiyo. Nilifurahi mpaka nikashindwa kusimama mahali pamoja.

Kisha nikamkimbilia Susu njiani. "Baba alikuja, ameshaenda," nikamwambia.

Alikuja amebeba mtungi wa lita ishirini mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba. Ukibeba hivyo unainama, macho yako yako chini, huoni mbele. Aliingia mlangoni namna hiyo. Kitu cha kwanza alichokiona ni viatu, vyeusi vya mjini, vinavyong'aa. Macho yakapanda pole pole mpaka usoni.

Hakuna aliyesogea. Susu na mzigo wake alikuwa ameujaza mlango. Baba alikuwa amesimama na redio mkononi, waya zinaning'inia. Nilikuwa hapo kati nikitabasamu kama mjinga, nikisubiri waamkuane. Halafu Susu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima, sauti ndogo kama ya mtu aliyechomwa. Akavuta leso ikafunika uso wote, akageukia ukuta. Maji yalianza kumwagika mgongoni kwake na hakuyashughulikia. Baba akaiweka redio chini taratibu, akafungua dirisha la mbao, akatoka kupitia dirishani. Mwalimu mzima wa kompyuta. Tai yake ilinasa kwenye komeo, akabaki ananing'inia kidogo, akaikata kwa kuivuta.

Mimi nilicheka. Lazima niliseme hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote.

Susu alitua mtungi akiwa bado amefunika uso. Hakunipiga. Aliniambia kwa Kikamba, pole pole, "Mwana wakwa, umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu." Kisha akaenda jikoni akafunga mlango.

Jumamosi iliyofuata Baba hakuja. Mfuko wa sukari na mkate uliletwa na jirani. Jumamosi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu nilikaa nje ya ua kuanzia asubuhi, nikila kayaba zenye uchachu mpaka ulimi ukawa na vidonda, nikisikiliza kila hatua barabarani. Susu alinipikia, aliniosha, alinisuka, lakini hakuwa na la kuniambia. Nikajua nimefanya lile lile nililoogopa. Nilikuwa na watu wawili, nikawagandisha wote.

Likizo ya Agosti ilipofika nilipelekwa Machakos. Baba alinipokea kama kawaida, akanibebea mfuko. Chuoni nilivua viatu nikaenda kwenye mashine yangu yenye A inayokwama. Mchana wanafunzi walipotoka kwenda kula, nikaenda nikasimama kando ya meza yake.

"Baba, badilisha ile gemu."

"Niibadilishe namna gani?"

"Ile njano na ile nyeupe. Zikutane."

Alinitazama. Akavuta kiti akakaa kwenye mashine, akafungua ile kazi yake, maandishi mengi meupe kwenye rangi ya bluu. "Sawa," alisema. "Zikikutana, halafu?"

"Halafu zimekutana."

"Kompyuta haijui kujijazia. Lazima uiambie kila kitu. Zikikutana kunabadilika nini? Moja inaisha? Zinagongana? Zinakuwa rangi moja?"

Nikafikiri. "Zinakaa tu."

"Zinakaa zikifanya nini?"

Nikaanza kulia. Nilimwambia yote pale, vurugu tupu, jirani wa matanga, kaburi, kwamba Susu anamchukia naye anamchukia Susu, na kwamba nilitaka wakutane ili nisipoteze mmoja. Baba aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Haiya," alisema. "Mimi nimchukie Susu yako? Yule alinizalia mke. Mtu kama huyo humwangalii usoni hivi hivi, kama unayemwangalia kondakta. Unampisha. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya mkwe kwa mama mkwe. Hata kama wengine wameacha, yeye hajaacha, kwa hivyo mimi nitaachaje?"

"Na siku ya kuzika? Si ulisimama kule nyuma?"

"Ningekaribia angelazimika kujifunika. Nilitaka aweze kumlilia mtoto wake bila kujifunika." Akasukuma kibodi kando. "Niliona siwezi kukuambia haya kwa mdomo. Nikaona nikitengeneza kitu ambacho ukikicheza utasikia. Kinakupisha, lakini kinakuachia njia." Alijaribu kucheka. "Kumbe nimetengeneza kitu cha kufukuzwa."

Alijaribu kuibadilisha mchana ule wote. Nilimwona akiandika, akifuta, akiandika. Wanafunzi walirudi, wakaendelea na barua zao. Jioni akazima mashine bila kuwa amemaliza, akafunika zote na vile vitambaa, tukavaa viatu. Kwenye ngazi alisema, nafikiri akijisemea mwenyewe, "Mtoto ameuliza. Mimi ndiye sina jibu." Ijumaa hiyo alikwenda kwao Ekalakala kuongea na wazee.

Kwetu jambo kama lile lilikuwa na dawa yake. Siku tuliyorudi Kangundo, Baba alikuja na wajomba zake wawili, mbuzi, na blanketi jipya la mama mkwe. Kulikuwa na maneno mengi ya wazee pale nje ambayo sikuyafuata, mbuzi akachinjwa, ini likachomwa, Susu akavishwa blanketi mabegani. Kisha mzee mmoja akasema imetosha, nthoni imelegezwa, waingie wakale. Wakaingizwa sebuleni, wao wawili na mimi, na sahani ya nyama mezani. Wazee walibaki nje na mazungumzo yao.

Hiki ndicho nilichokuwa nimekitaka mwaka mzima. Nilisubiri furaha. Haikuja. Susu alikuwa anaangalia meza, Baba anaangalia mikono yake, na mimi nikatafuna kipande cha nyama ambacho hakikutaka kuisha. Dakika zilikwenda. Nilianza kufikiri nimeharibu tena, kwamba kupishana kule ndiko kulikokuwa kuzuri, na sasa hawana hata hilo.

Ndipo Susu akainua uso. Alimtazama Baba kwa muda mrefu, macho kwa macho, kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kola ya shati ambayo ilikuwa kubwa kwa shingo.

"Umekonda," alimwambia. "Ulianza lini?"

Baba aliigusa ile kola. "Tangu tumzike."

Susu alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafunika. "Na mimi niko hapa nikilia peke yangu," alisema. "Kumbe tulikuwa wawili."

Nilitaka kumwambia tulikuwa watatu. Lakini nilikuwa na nyama mdomoni, nao walikuwa wanaangaliana kwa mara ya kwanza, nikaona si vizuri kuwakatiza.